MGB kwenye barabara za Lubumbashi: shokapu za asili, za bomba, au saspensheni mpya ya mbele?

Siku inafika kwa kila mwenye MGB, lile gari dogo la michezo la Kiingereza: mbele kumechoka. Ukikanyaga breki pua inainama, kisha inapanda na kushuka kabla ya kutulia. Usukani unacheza ukipita mashimo, na tairi moja inaliwa ukingo wa ndani wakati mwenzake bado nzima. Ukitafuta dawa mtandaoni unakuta maduka ya Uingereza yenye seti za kila namna, kila moja ikisifiwa kuliko nyingine. Nyingi zimebuniwa kwa lami ya Ulaya. Sisi wa Lubumbashi, Kongo, tuna dodani (matuta ya barabarani), tuna vumbi jekundu la kiangazi, tuna mvua za Novemba hadi Machi zinazokula kingo za barabara, na tuna barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yenye malori ya shaba mchana na usiku. Hapa chini nazipima njia kuu tatu kwa vipimo vya huku, na ya nne nitaigusa kwa kifupi.

Kilichomo ndani ya MGB

Gari hili lilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 mpaka 1980, na zaidi ya nusu milioni zilitoka kiwandani. Miaka yote hiyo mbele yake haikubadilika sana. Boriti moja nene ya chuma inapita chini ya injini na kubeba springi, mikono ya chini, kingipini (pini nene ya wima ambayo gurudumu hugeukia) na raki ya usukani. Imefungwa kwenye bodi kwa boliti nne, ndiyo maana fundi mzuri anaweza kuishusha nzima na kuifanyia kazi juu ya meza.

Kinachoitofautisha na magari tuliyozoea ni shokapu. Corolla ina bomba lenye fimbo inayoingia na kutoka. MGB ina kisanduku cha Armstrong kilichokazwa juu ya boriti, nacho pia kwa boliti nne. Ndani mna oili, pistoni mbili na valvu. Nje unatokeza mkono uliokaa kwenye shafti. Na mkono huo ndio mkono wa juu wa saspensheni yenyewe. Wengi hawalioni hili. Shafti ya shokapu ikilegea, hupotezi ulaini peke yake: gurudumu linapoteza msimamo wake, linalala upande, na tairi inakwisha kabla ya wakati.

Watengenezaji wa MGB kule Abingdon walijua njia nyingine pia. MGC ya 1967 hadi 1969, yenye injini ya silinda sita, ilipewa mbele tofauti kabisa: fimbo za kujipinda badala ya springi, na shokapu za bomba. MG RV8 ya miaka ya 1990, iliyojengwa kwa bodi ya ukoo huohuo, nayo iliacha shokapu za mkono. Kwa hiyo anayebadilisha hafanyi kufuru, na anayebaki na za asili hajapitwa na wakati.

Pima kwanza

Kabla ya kutuma dola hata moja, inua upande mmoja wa mbele kwa jeki. Weka jeki chini ya sahani inayokalia springi, ili mkono wa chini ubebe uzito. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Fundi wako awe amelala pembeni, kidole chake kikigusa pale mkono wa juu unapoingia kwenye kisanduku cha shokapu. "Papa, sukuma tena, polepole," atakwambia, na wewe usukume polepole kweli, maana mchezo wa shafti ni mdogo. Kidole huusikia kabla jicho halijauona. Ukisikika hapo, shokapu imekwisha. Ukiwa chini ya hapo, ni kingipini. Halafu mtu wa tatu akanyage breki mrudie kusukuma: mchezo ukipotea breki ikiwa imekanyagwa, mwenye kosa ni beringi ya gurudumu, na hiyo utaitengeneza bila kugusa saspensheni.

Mwisho tazama bushi za mkono wa chini, zile silanbloki ambazo MGB ilitoka nazo kiwandani, za mpira mtupu. Zikilowa oili ya injini huvimba na kupasuka. Gari nyingi zinazosemekana zimekufa shokapu zina bushi zilizokwisha na kingipini isiyoonja grisi miaka mingi. Ukifunga shokapu za bei kubwa juu ya hali hiyo, utakuwa na gari gumu linaloyumba vilevile.

Nimezipima kwa mambo gani

La kwanza ni barabara: gari likae vipi kwenye kona na kwenye breki, lakini pia liwe na nafasi gani ya kupanda na kushuka linapoingia shimo. La pili ni garaji: nani atalitengeneza hapa mjini, kwa vifaa gani, tena katikati ya juma. La tatu ni njia ya vipuri. Kitu kinachotoka Uingereza kitaingia kwa ndege kwenye uwanja wetu wa Luano, au kitapita Johannesburg na Lusaka hadi Kasumbalesa, na kila kilo ina gharama yake. La nne ni kurudi nyuma: je, ukitaka kuuza gari kwa mtu anayependa mambo ya asili, unaweza kurudisha lilivyokuwa?

Raha imo ndani ya la kwanza. Sikuipa kigezo chake kwa sababu kila mtu ana mgongo wake.

Njia ya kwanza: kutengeneza za asili, na kuziboresha kidogo

Hapa unabaki na shokapu za mkono, lakini zilizofanyiwa kazi: shafti na beringi mpya, sili mpya, oili safi, na ukitaka, valvu kali kidogo kuliko ya kiwanda. Pamoja nazo unabadilisha kingipini, na bushi za mkono wa chini unaweka za MGB GT V8, gari la 1973 hadi 1976. Bushi za V8 zina mpira ulioshikamana na bomba la chuma katikati. Zinakaa muda mrefu, hazilii, na zinaingia mahali pale pale. Kwangu hayo ndiyo maboresho yenye faida kubwa kuliko yote kwa fedha yanayokula, njia yoyote utakayochagua. Sharti lake moja: boliti zake zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, likibeba uzito wake. Zikikazwa mikono ikiwa inaning'inia, mpira unabaki umejipinda kila siku na utachanika upesi.

Barabarani, MGB yenye mbele ya asili iliyo nzima ni gari tamu. Inameza dodani, inakupa habari za barabara kupitia usukani, na kwenye kona inalala kidogo bila kukutisha. Udhaifu wake unaonekana kwenye barabara mbaya ndefu: oili ya ndani ni kidogo, ikipigwa makorongo mfululizo inapata joto na kulainika, na gari linaanza kuelea.

Kwenye garaji ndiko njia hii inakotoa pumzi ya raha. Oili ikipungua unasafisha vizuri kuzunguka kizibo, unafungua, unajaza, unauchezesha mkono juu hadi chini mpaka hewa itoke yote. Oili ya foku za pikipiki, ya daraja la 20, inafaa, na katika mji uliojaa manseba, pikipiki za teksi, oili ya pikipiki si kitu cha kuagiza ng'ambo. Usitie oili ya injini, inatoa povu. Kingipini nazo zinahitaji bushi kuchongwa ndani kwa rima, chombo cha kupanulia tundu, hadi kipimo kamili, kazi ambayo Ulaya watu wengi huipeleka kwa mtaalamu. Huku mtaalamu hayuko mbali. Nchi iliyolelewa na kampuni za migodi, Union Minière na baadaye Gécamines, yenye karakana za Panda kule Likasi, haijawahi kukosa mikono ya kukereza chuma. Mpe fundi wa mashine kingipini na bushi zake mkononi, mwambie ipite kwa kubana bila kukwama, ataelewa.

Kazi inayobaki ni ya mwenye gari: nipeli tatu za grisi kila upande. Kitabu cha gari kinasema kila kilomita 5,000 hivi. Kwa vumbi letu mimi ningepaka kabla hazijafika. Paka gurudumu likiwa limeinuliwa, huku ukizungusha usukani, ili grisi ifike penye uzito.

Njia ya vipuri ina mtego mmoja. Shokapu zilizotengenezwa upya huuzwa mara nyingi kwa kubadilishana: unalipa amana, unarudisha za zamani, unarudishiwa amana. Kurudisha kisanduku kizito kutoka Lubumbashi kunaweza kula amana yote. Uliza bei ya kununua moja kwa moja bila kurudisha, au mpe mtu anayesafiri.

Kurudi nyuma hakuna, kwa sababu hukuondoka.

Inamfaa anayeendesha mjini na safari za hapa na pale, anayependa gari libaki lilivyo, na asiyechoka na bomba la grisi. Haimfai mtu atakayeliacha gari kwa dereva ambaye hatafunua bonneti mwaka mzima.

Njia ya pili: kuongeza shokapu za bomba

Katika seti nyingi za aina hii, kisanduku cha Armstrong kinabaki kama mkono wa juu, valvu yake inaondolewa, na kazi ya kutuliza springi inapewa shokapu ya bomba iliyofungwa kwa vishikizo kati ya mkono wa chini na boriti. Hukati wala huchomei, unafunga kwa boliti. Ndiyo maana inapendwa.

Barabarani tofauti inasikika siku hiyohiyo. Pua haiinami sana kwenye breki, gari linatulia upesi baada ya tuta, na shokapu ya bomba haichoki haraka kwa joto katika safari ndefu. Mwenye kwenda Kolwezi, karibu kilomita 300, atalishukuru hilo. Lakini seti nyingi zimekazwa kwa ladha ya lami laini. Ukipata zenye kirekebishi, anzia kwenye ulaini wa mwisho, panda kidogo kidogo. Na kabla ya kukubali kazi, toa springi, inua gurudumu kwa jeki hadi mkono ugonge mpira wa kuzuia. Shokapu lazima iwe bado na nafasi ya kuingia hapo. Ikifika mwisho wake kabla ya mpira, kila shimo kubwa litakuwa linapiga fimbo na vishikizo, na kitakachopasuka ni kimojawapo.

Kwenye garaji, kufunga ni rahisi kuliko njia ya kwanza. Lakini wengi wanaamini wameachana na shokapu ya zamani, kumbe shafti yake bado inabeba gurudumu. Kama ilikuwa na mchezo, mchezo umebaki. Na oili lazima iendelee kuwemo ndani, kwa sababu ndiyo inayolainisha shafti. Kingipini pia ni zilezile, na grisi yake ni ileile.

Upande wa vipuri, shokapu ya bomba ikivuja haitengenezwi, inatupwa. Kabla ya kuagiza, uliza muuzaji vipimo vyake: urefu ikiwa imefungwa, urefu ikiwa imefunguka, na aina ya jicho la kila mwisho. Ukiwa navyo, kuna uwezekano wa kupata mbadala kwenye maduka ya vipuri vya magari ya Kijapani mjini badala ya kungoja kifurushi. Muuzaji asiyeweza kukupa vipimo hivyo, mwache.

Kurudi nyuma ni kazi ya siku moja: toa vishikizo, rudisha valvu. Zifunge valvu ndani ya plastiki pamoja na springi zake, andika kushoto na kulia, uzihifadhi.

Inamfaa mwenye shokapu za asili zenye shafti nzima ila hazitulizi springi tena, na anayesafiri mbali mara kwa mara. Kwa mwenye shafti zilizolegea, njia hii peke yake haitibu.

Njia ya tatu: mkono mpya wa juu na shokapu iliyovikwa springi

Hapa kisanduku cha Armstrong kinaondoka kabisa. Mahali pake kunakuja mkono wa juu wa mabomba ya chuma, na shokapu ya bomba iliyozungukwa na springi yake. Seti nyingine zinaleta na nguzo mpya za gurudumu zenye boljointi (maungio ya tufe yanayogeuka kila upande), kwa hiyo kingipini nazo zinaaga.

Barabarani hakuna ubishi, gari linakuwa jingine. Usukani unakuwa mwepesi, magurudumu yanafuata barabara kwa haraka zaidi, na unaweza kurekebisha urefu wa gari, ukali wa shokapu na mlalo wa gurudumu. Kwenye MGB ya asili kinachorekebishika ni mwelekeo wa magurudumu kwa ndani tu. Mlalo umeshapangwa na kiwanda. Uhuru huo ni mzuri, nao unadai. Unahitaji mahali penye mashine ya alaimenti inayosoma kweli na mtu anayeielewa, na unahitaji kujua unataka nini. Na usiishushe. Picha za magari ya mashindano zinavutia, lakini bomba la moshi la MGB lipo chini tayari, na dodani la kwanza litakukumbusha.

Kwenye garaji, mtihani mkubwa ni vumbi. Maungio ya tufe la chuma tupu, yale yanayotumika kwenye magari ya mashindano, hayana kinga. Vumbi letu likichanganyika na matope ya Januari linayasaga. Nyuzi za kurekebishia urefu wa springi nazo hushika kutu na kukwama. Ukichagua njia hii, tafuta seti yenye bushi au boljointi zenye vifuniko vya mpira, na upake grisi nyuzi hizo kabla gari halijagusa barabara. Jambo jingine la kutazama kwa makini ni boriti. Katika seti ambazo springi inaondoka kwenye kiti chake cha zamani, uzito wote wa pembe ile ya gari unahamia pale ambapo mwanzo palishika shokapu peke yake. Boriti yenye kutu au nyufa itengenezwe kabla, isifichwe kwa rangi.

Fedha ndizo zinazotenganisha watu hapa. Hii ndiyo ghali kuliko zile mbili za juu, na ghali tena siku ya kipuri cha pili, kwa sababu kila mtengenezaji ana vipimo vyake. Agiza boljointi na bushi za akiba pamoja na seti, katika kifurushi kimoja. Kurudi nyuma kunawezekana kama umehifadhi kila kitu, ila ni kazi kubwa.

Inamfaa anayeendesha kwa bidii, mwenye injini iliyoongezwa nguvu, mwenye gari la pili la kutumia wakati vipuri viko njiani. Inamfaa pia mtu ambaye kingipini, shokapu na bushi zake zote zimekufa pamoja, kwa sababu tofauti ya gharama inapungua unapokuwa unanunua kila kitu upya.

Ile ya nne ni kubadilisha boriti nzima kwa boriti mpya ya kisasa, mara nyingi kwa ajili ya injini kubwa. Ni nzuri kazi yake, lakini kwa mtu ambaye injini yake ni ile ya lita 1.8 ya kawaida sioni inamtafutia nini huku.

Kwa hali yako

Kama gari linatoka mtaa wa Golf kwenda mjini na kurudi, na Jumapili linafika Likasi, fanya bushi za V8, kingipini na shokapu za asili zilizotengenezwa upya. Ongeza stabilaiza ya mbele (fimbo inayozuia gari kulala) iliyo nene kidogo ukiona linalala sana kwenye kona.

Kama fedha zipo za kitu kimoja tu mwaka huu, anza na bushi na kingipini, shokapu zingoje. Isipokuwa shafti ikiwa na mchezo. Hapo shokapu haingoji, kwa sababu ndiyo mkono wa gurudumu.

Kama shafti ziko imara na unasafiri mbali, shokapu za bomba zina maana, na wenye safari za mwisho wa juma Ndola au Kitwe, Zambia, wataziona thamani yake kabla hawajavuka mpaka. Wengi walionunua kule wana usukani wa kulia, na kupita lori upande wetu, ambako tunaendesha kulia, kunadai gari linalonyooka mara moja unapobadili mstari.

Kama una fundi unayemwamini kwa miaka, mashine ya alaimenti ya kweli na sanduku la vipuri vya akiba, njia ya tatu itakupa gari bora kuliko lilivyowahi kuwa. Ukikosa kimojawapo kati ya hivyo vitatu, ahirisha.

Na kama MGB yako ni ya mwisho wa 1974 kuendelea, yenye bampa nyeusi za mpira, iko juu kwa sentimita chache kuliko zile za bampa za kromu, kwa sababu ya sheria za Marekani za wakati ule. Ulaya watu hulipa kuirudisha chini. Hapa waachie sentimita zao, weka fedha hiyo kwenye matairi mapya manne ya 165 kwa rimu ya 14, kisha upime alaimenti tena baada ya kilomita mia chache, bushi mpya zikishakaa.